Sakafu ya mbao, chumvi ya bibi

Ukitaka kuijua hali ya sakafu ya mbao, usiitazame ukiwa umesimama. Lala chini, shavu ligusane na ubao, washa tochi uilaze kando ya uso wako ili mwanga uteleze juu ya sakafu mpaka ukuta wa pili. Nilifanya hivyo usiku mmoja wa mwezi wa Mei, baada ya isha, mvua ya masika inamwagika kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba. Kila ubao ulikuwa na kivuli katikati yake. Kingo zimeinuka, tumbo limebonyea, ubao baada ya ubao kutoka mlangoni hadi dirishani, mfano wa mchanga wa ufuo wa Shela maji yakishakupwa. Nilipitisha kiganja. Vidole vilipanda na kushuka, vikapanda na kushuka. Sakafu hiyo ilikuwa haijatimiza miezi minne.

Chumba chenyewe kipo darini, katika nyumba aliyotuachia bibi mzaa mama, mtaa wa Mkomani, Lamu. Ni chumba kirefu chembamba kama vyumba vyote vya nyumba zetu za mawe: upana mita 2.7, urefu mita 7. Chokaa ya chini ilikuwa imemomonyoka, na tulitaka chumba cha kupangisha wageni kitakachotusaidia kulipia ukarabati wa nyumba nzima. Nikaona picha za sakafu za mbao, moyo ukapenda. Mbao zikaagizwa Nairobi, za mtiki, au msaji kama wazee wanavyouita. Zilishuka Mokowe, gati la upande wa bara, kwa lori, zikavuka kwa mashua, zikapanda vichochoro kwa punda. Zilifika Jumatatu, na Alhamisi fundi alikuwa ameshaanza kupigilia.

Siku zile tatu ndizo zilizotugharimu, na nilichukua muda mrefu kulijua hilo.

Mtu wa kwanza niliyemwita alikuwa fundi wa mjini mwenye mashine ya msasa. Alitazama, akasema ni kazi ya siku mbili: atazikwangua zile kingo zilizoinuka, sakafu iwe sawa, apige vanishi upya. Nilikuwa karibu kumpa malipo ya kutangulia. Bahati njema ami yangu alikuwa amekuja kutoka Matondoni, kijiji cha waunda mashua, kwa shughuli ya harusi, akapanda ngazi kuja kuangalia. Ami ameunda mashua tangu ujana wake. Hakusema kitu kwa muda. Alitoa sarafu ya shilingi mfukoni, akaipitisha kati ya ubao na ubao kutafuta upenyo, haukupatikana hata mmoja. Mbao zilikuwa zimebanana kama meno. Kisha akainama kwenye ukuta, akaona ubao wa mwisho umeusukuma mpako wa chokaa mpaka umepasuka.

"Mwanangu," akasema, "mti ukikatwa huwata kukuwa, lakini hauwati kunwa mai."

Maneno hayo ni ya Kiamu: mti ukikatwa huacha kukua, lakini hauachi kunywa maji. Na maji anayoyasema si lazima yamwagike. Yaliyomo hewani yanatosha.

Kwa mtu wa Matondoni jambo hili ni la kila siku. Mashua ikipandishwa pwani ikakaa juani wiki kadhaa, mbao zake husinyaa na viungo hufunguka, mwanga ukapenya. Ikirudishwa baharini hukaa siku za mwanzo ikivuja, watu wanakumba maji, mpaka mbao zinywe, zivimbe, zibanane zenyewe. Fundi wa mashua hapigani na tabia hiyo. Anaitia katika hesabu, anakalafati kwa pamba, anaacha bahari imalizie kazi. Mimi niliweka mbao ndani ya nyumba nikidhani zimeshakuwa kitu mfu, kama kigae.

Usiku ule ami alinieleza kwa mkono na kwa mfano. Mengine nimeyasoma baadaye, na yote mawili yanakubaliana. Ubao ni fungu la mirija midogo sana iliyobebana. Kuta za mirija hiyo hunyonya mvuke wa hewani na kuuachilia, mpaka ubao ulingane na hewa inayouzunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 40, yaani imebeba sehemu 40 kwa 100 za mvuke wote inaoweza kuubeba, ubao hutulia ukiwa na maji ya asilimia 7 na nusu hivi ya uzito wake mkavu. Hewa ikiwa ya asilimia 65, ubao hukaa kwenye 12. Ikifika 75, ubao hukaribia 14, na kwenye 80 hupita 15. Joto peke yake huusogeza ubao kidogo sana, kiasi cha kutojali. Joto lina madhara kwa sababu linaubadilisha unyevu wa hewa.

Na ubao haukui sawasawa pande zote, jambo ambalo hata mafundi wengi hawaliweki akilini. Kwa urefu karibu hausogei kabisa. Kwa upana husogea sana. Mtiki ni katika miti mitulivu, inayosifiwa kwa kutobadilika ovyo, na hata hivyo ubao wake uliopasuliwa bapa hupanuka karibu sehemu 2 kwa 1,000 kwa kila asilimia 1 ya maji inayoongezeka. Yanasikika kama madogo hayo. Mbao zetu zilitoka kwenye tanuri la kukaushia, zikakaa Nairobi kwenye hewa ya juu iliyo kavu kuliko yetu, zikafika zikiwa na maji ya asilimia 9 hivi. Lamu inazitaka ziwe 14. Hizo ni asilimia 5, ambazo ni sehemu 10 kwa 1,000 za upana. Ubao wa sentimita 12 na kidogo unaongezeka milimita 1.2. Weka mbao 22 bega kwa bega kukijaza chumba cha mita 2.7, zinataka nafasi ya milimita 26, sentimita mbili na nusu na zaidi. Fundi wetu hakuacha hata unywele. Mbao zitakwenda wapi? Ukuta wa matumbawe una unene wa nusu mita, hauondoki.

Nikafikiria wazee waliojenga nyumba hii walijua nini. Neno lenyewe, sakafu, linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya paa, na kwetu sakafu ilikuwa ni ile ya mawe na chokaa, iliyo dari kwa aliye chini na mahali pa kukanyaga kwa aliye juu. Mti waliutumia, tena sana, lakini tazama walivyoutumia. Boriti za mikoko zimelazwa nzima, hazikupasuliwa, zimekaa kwa urefu kutoka ukuta hadi ukuta, na urefu ndio upande ambao mti hausogei. Juu yake mawe, juu ya mawe kokoto na chokaa iliyopondwa. Upana wa chumba ukaamuliwa na urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba. Tazama na mlango wa Lamu. Una mbawa mbili, na katikati umesimama mfaa uliopigiliwa kwenye ubawa mmoja ukaufunika mwanya wa kati. Kaskazi mbao zikisinyaa mwanya hupanuka nyuma ya mfaa. Masika zikivimba mwanya hufumba. Anayepita njiani haoni tofauti. Nimepita mbele ya milango hiyo tangu nikiwa mtoto nikitazama nakshi tu.

Kwa hiyo kosa la kwanza: mbao hazikupewa muda wa kuizoea hewa ya Lamu. La pili: hazikuachiwa mwanya. Lakini hayo mawili yangezifanya zibanane na kuinuka kama hema, yasingezifanya kuwa mabonde. Ubao hujikunja kingo juu pale tumbo lake la chini linapokuwa na maji kuliko uso wake wa juu: chini kunapanuka, juu kumebaki, ubao unakuwa kama kisahani. Maji ya chini yalitoka wapi, na ukavu wa juu ulitoka wapi?

Ya chini tuliyajua tulipong'oa ubao wa kwanza. Ami aliingiza mtaimbo polepole karibu na ukuta, ubao ukatoka na sauti ya kuraruka, na harufu ikapanda: harufu ya birika lililokaa bila kufunguliwa. Upande wa chini ulikuwa na madoa meusi ya ukungu, makubwa kama senti tano za zamani, yamejipanga sawasawa na nafasi kati ya papi, zile mbao nyembamba zilizobeba sakafu. Papi zenyewe zilikuwa na ubaridi wa kitu kilicholowa. Wiki tatu kabla ya mbao kupigiliwa tulikuwa tumemwaga saruji ya kusawazishia chini, unene wa sentimita 5. Juu ilikuwa imekauka, nyeupe, unaweza kuitembelea. Ndani ilikuwa bado na maji. Kanuni ya mafundi wa sakafu ni kungoja kama mwezi mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu ya saruji, na hiyo ni kwenye hali nzuri ya ukaukaji. Sisi tulihitaji miezi miwili, pengine mitatu, tukatoa wiki tatu. Kuna jaribio rahisi ambalo silipuuzi tena: chukua nailoni nzito ya upana wa mita moja hivi, iweke chini, ibandike kingo zote kwa gundi ya karatasi, iache siku mbili. Ukiona matone kwa ndani, au saruji imegeuka rangi ikawa nyeusi, ngoja.

Ukavu wa juu ulitoka kwenye kiyoyozi. Hapa nataka kukaa kidogo, maana nyumba nyingi za wageni Lamu, Shela na hata Malindi zinafanya hivi hivi.

Tulipoona mlango wa chumba umeanza kubana mwezi wa Aprili, mtu mmoja alitushauri tuwashe kiyoyozi kukausha hewa. Likaonekana jambo la akili. Mgeni akiingia usiku anashusha mpaka nyuzi 18, madirisha yamefungwa, hewa ya chumbani inakauka kweli. Bomba la maji ya kiyoyozi nililitegea ndoo ya lita 10 siku moja, ikajaa kabla ya alfajiri. Uso wa mbao ukatoa maji yake kwa hewa hiyo, huku tumbo linaendelea kunyonya saruji. Asubuhi mgeni anatoka, msaidizi wetu anafungua madirisha yote ili chumba kipate upepo. Na hapo ndipo nilipokuwa nikiiona sakafu inatoka jasho bila kuelewa: ukikanyaga kwa mguu mtupu, unyayo unaacha alama.

Hesabu yake ni hii. Hewa ya Mei ya nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 imebeba gramu kama 22 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Chumba chetu chenye dari ya mita 3 kina mita za ujazo kama 57, kwa hiyo kuna lita moja na robo ya maji inayoelea chumbani bila mtu kuiona. Hewa ya namna hiyo ikipozwa mpaka nyuzi 24 imejaa, haiwezi kubeba zaidi. Sasa ifungulie dirisha hewa hiyo iingie juu ya sakafu iliyolala usiku kucha kwenye nyuzi 19 au 20. Itaacha maji yake hapo hapo, kama inavyoyaacha kwenye gilasi ya juisi ya ukwaju iliyotoka kwenye friji. Kila siku sakafu yetu ilikaushwa usiku na kuloweshwa asubuhi, na mgeni akiondoka kiyoyozi kinazimwa wiki nzima. Umeme nao hukatika. Ubao ungeweza kuvumilia Lamu, na ungeweza kuvumilia Nairobi. Tuliutaka uvumilie yote mawili kwa siku moja.

Kwenye boksi la mbao kulikuwa na karatasi ya maelezo. Imeandikwa kwamba nyumba iwe na joto la nyuzi 15 hadi 27 na unyevu wa asilimia 30 hadi 50. Niliisoma nikaihangaikia mno, nikaenda kununua haigromita, kipimo cha unyevu wa hewa, ndogo ya betri, na kila nilipoitazama inasoma 78, 81, 76. Nikaona kama nyumba yetu ina ugonjwa. Lakini hizo ni namba za Marekani na nchi kama hizo, ambako majira ya baridi nyumba hupashwa moto na hewa ya ndani inakauka mno, na mbao za huko hukaushwa kabisa mpaka asilimia 6 hadi 9 ili zikae kwenye hewa hiyo. Kuifikisha nyumba ya Lamu kwenye asilimia 45 ni kufunga kila tundu na kuendesha mashine usiku na mchana mwaka mzima, ndani ya kuta za matumbawe zilizojengwa zipumue. Sikubali kwamba hiyo ni nyumba. Namba ninayoitafuta sasa ni kati ya 65 na 75, na zaidi ya namba yenyewe ninatafuta isirukeruke.

Kuhusu haigromita: hizi za bei nafuu hudanganya, nyingine kwa asilimia 5, nyingine kwa 10. Dawa yake ipo jikoni. Chumvi ya mezani ikiwa imelowa kidogo, ikafungiwa mahali padogo pasipo na hewa ya nje, huifanya hewa hiyo itulie kwenye unyevu wa asilimia 75. Weka kijiko cha chumvi kwenye kizibo cha chupa, tia matone ya maji iwe kama uji mzito, isiyeyuke. Kiweke kizibo pamoja na haigromita ndani ya mfuko wa nailoni, ufunge, acha usiku kucha. Asubuhi isome. Yangu ilisoma 69, kwa hiyo kila isomacho naongeza 6. Imeandikwa kwa kalamu nyuma yake.

Niliposoma habari ya hiyo 75 nilikaa kimya nikamkumbuka bibi. Alikuwa na kibakuli cha chumvi chenye kifuniko cha kifuu, kwenye kidaka cha jikoni, na ndani ya chumvi alitia punje za mchele. Siku nyingine anakifungua, anaona chumvi imeanza kutoa maji, inang'aa, inashikamana na kidole, na anaita kwa sauti: "Chumvi inalia, fungeni madirisha ya kusini!" Tukadhani ni mambo ya wazee na mvua. Chumvi hunyonya maji ya hewani na kuanza kuyeyuka hewa inapopita asilimia 75. Bibi alikuwa na kipimo, kimewekwa kwenye namba ile ile ninayoitaka mimi kwa sakafu, miaka mingi kabla ya mimi kununua cha betri. Sasa nimeweka kibakuli cha chumvi kwenye kidaka cha chumba cha wageni. Haigromita naisoma asubuhi na jioni, lakini jicho langu la kwanza huenda kwenye chumvi.

Turudi kwenye mashine ya msasa, maana karibu nifanye kosa la kudumu. Ukikwangua kingo zilizoinuka wakati ubao bado umelowa chini, unaondoa mti ambao utauhitaji. Ubao utakapokauka kingo zitarudi chini, na kwa kuwa umezipunguza, katikati patabaki juu, kila ubao umekuwa kama mgongo wa ng'amba. Hapo hakuna tena la kufanya ila kukwangua tena, na ubao una unene wa sentimita 2 tu, si hazina isiyokwisha. Ami alinikataza mtu asiiguse sakafu mpaka mbao zitulie. Ningependa kila mwenye nyumba alijue hili kabla ya kulipa mtu.

Tuling'oa mbao zote mwanzoni mwa Juni. Mbao 22 kwa upana, zilizoungwa kwa urefu, zikawa vipande vingi. Kila kimoja nilikiandika namba nyuma kwa chaki. Tukazipanga msana wa juu, ukumbi mrefu ulio wazi upande wa kiwanda, palipo na kivuli na upepo wa kusi, kila tabaka limetenganishwa na vijiti vya unene mmoja, vijiti vimepangwa wima juu ya vijiti ili mzigo usizipinde, na juu kabisa mawe ya matumbawe. Saruji ikabaki wazi, madirisha wazi mchana kavu, yamefungwa mvua ikija.

Kujua lini zimekuwa tayari hatukuhitaji chombo cha gharama. Kipo kipimo cha mbao chenye pini mbili, ukiweza kukiazima ni vizuri, lakini mizani ya jikoni inatosha. Nilichagua kipande kimoja kisicho na fundo wala ufa. Kila Ijumaa baada ya sala nilikipima nikaandika. Ijumaa ya kwanza gramu 1,290. Iliyofuata 1,276. Kisha 1,266, kisha 1,259, na kila wiki hatua zikawa fupi. Katikati ya Agosti kilisoma 1,247, wiki iliyofuata 1,246, ile nyingine 1,247 tena. Uzito ukisimama wiki tatu, ubao umelingana na hewa ya mahali pake. Huhitaji kuambiwa asilimia. Na mabonde yalikuwa yamekwisha kwa sehemu kubwa, bila msasa, bila mtu kugusa. Niliziweka mbili ubavu kwa ubavu nikapitisha kiganja kama usiku ule wa Mei, nikaita watu waje waguse.

Upigiliaji wa pili ulichukua siku tano. Kabla yake kila ubao ulipakwa mafuta ya linsidi pande zote mbili, chini kama juu, mara mbili. Rangi na mafuta hayazuii mvuke, yanauchelewesha tu, lakini ukipaka uso pekee unaufanya ubao unywe upande mmoja haraka kuliko mwingine, na umerudi kwenye kisahani. Ami alitaka sifa, mafuta ya papa yanayopakwa mashua, na kwa kazi hiyo siyabishii. Kwa chumba cha kulala harufu yake haiwezekani, akakubali. Mwanya wa milimita 15 uliachwa kila ukuta, umefunikwa na skatingi iliyopigiliwa ukutani, haikugusa ubao hata msumari mmoja. Ni mfaa wa mlango uliolazwa chini. Kwenye pembe mbili za chumba skatingi imetobolewa matundu madogo ili hewa iliyo kati ya papi ipumue na kutoka. Na kati ya ubao na ubao ami alitaka mwanya wa kuingiza ukucha, kwa sababu Agosti si mwezi wa unyevu mkubwa kuliko yote, na masika itarudi.

Kiyoyozi kimehamishwa. Kipo chumba cha pili chenye sakafu ya chokaa, na mgeni anayetaka ubaridi analala huko. Chumba cha mbao kina feni, madirisha mawili yanayotazamana, na paa la makuti juu yake. Watu wameniuliza kama hilo halitupotezei wageni. Wengine wanaondoka, ndiyo. Lakini feni haipunguzi unyevu wala haiubadilishi, inakausha jasho la mtu na kuiacha sakafu kwenye hewa iliyoizoea. Kupanda na kushuka kwa unyevu wa mchana na usiku hakuniogopeshi tena, kwa kuwa ubao ni mzito wa kufuata: usiku mmoja haukai nao, majira yanakaa nao. Aliye na kiyoyozi na hawezi kukiacha, naye ana njia: akiweke nyuzi 26 au 27, akitumie kwenye ile alama ya tone la maji inayokausha hewa bila kupoza sana, akiwashe kila siku kwa kiasi kile kile, mgeni awepo asiwepo, na madirisha yasifunguliwe mpaka chumba kipate joto. Gharama ya umeme aihesabu kabla ya kununua mbao.

Mengine ni madogo ya kila siku. Sakafu haipigwi deki kwa ndoo. Kitambaa kilichokamuliwa mpaka kisitoe tone, na kipande kikavu nyuma yake. Zulia lenye mpira chini nimelitoa, lilikuwa linafungia unyevu, pametandikwa mkeka wa ukindu. Dirisha la magharibi linawekewa pazia alasiri za Januari na Februari, kwa kuwa jua la kaskazi lilikuwa likitua mahali pamoja kila siku, na mbao tatu za hapo zilifungua nyufa wenzake wakiwa wamefumba.

Masika ya mwaka huu imepita. Mwanya wa ukutani ambao Agosti ulikuwa milimita 15, mwishoni mwa Mei nilipotoa kipande cha skatingi na kuupima ulikuwa 11 upande mmoja na 12 wa pili. Zimetembea, zikapata pa kwenda. Chumvi ililia siku nyingi, nami nikafunga madirisha ya kusini.

Zilibaki mbao mbili karibu na ukuta wa choo ambazo bado zilikuwa na bonde kidogo, ukilisikia kwa unyayo hata bila tochi. Nilidhani choo kinavuja. Nimebandika nailoni ukutani siku mbili, matone yametokea kwa ndani, kwa hiyo unyevu unatoka ndani ya ukuta. Mpako wa upande wa choo umechoka na chumvi ya matumbawe inavuta maji. Fundi wa chokaa atakuja baada ya Maulidi. Mbao hizo nimezing'oa, zimelala msana wa juu kati ya vijiti, na mizani ipo kando yake. Ijumaa iliyopita kipande changu kilisoma gramu 1,268.